Mianzi kwa Ajili ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu aliletwa kwetu Ayany, Nairobi, mwezi wa nne, mvua ikinyesha, akiwa mgongoni mwa mwanawe Khamala. Mimi sikwenda kumpokea. Nilisimama sebuleni, mlango nimeufunga na pazia nimelishusha, mpaka mke wangu Nasike alipokuja kuniambia kwamba mama amekwisha kuingia katika chumba cha uani na mlango wake umerudishwa. Hapo ndipo nilipoketi.

Msomaji asiyetoka kwetu magharibi huenda akaona huo ni utovu wa adabu. Kwetu ndiyo adabu yenyewe. Mwanamume hamtazami mama wa mkewe usoni. Hamshiki mkono, hali naye meza moja, wala haoni kitanda chake. Jina lake halitamki, na kwa sababu hiyo hata hapa sitaliandika. Tulikuwa tumeishi hivyo tangu nilipooa, bila taabu yoyote, kwa kuwa yeye alikaa Bungoma na mimi nilikuwa Nairobi nikifundisha. Umbali ulitufanyia karibu kazi yote.

Sasa figo zake zilikuwa zimechoka. Mara mbili kwa juma ilimlazimu aende hospitali akaunganishwe na mashine ya kusafisha damu, na nafasi ya mashine ilikuwa imepatikana huku, si kwao. Daktari alilisema jambo hilo bila kulizungusha: akikosa mashine, mwili utajaa maji, na hatamaliza mwezi. Mama alifikia kwanza kwa Khamala, kama inavyopasa, kwa maana mama hukaa kwa mwanawe, hakai kwa mkwe. Lakini Khamala ni kibarua wa mjengo, naye amepanga chumba kimoja Kawangware, sehemu iitwayo Kongo, ghorofa ya tatu. Mtu atokaye kusafishwa damu hawezi ngazi. Siku moja alikaa kwenye ngazi ya pili tangu jioni mpaka wapangaji walipombeba. Ndipo Nasike akaniambia, bila kuniomba, kwamba mama yake anakuja kwetu.

Nyumba yangu si kubwa. Uani kuna chumba kimoja nilichowajengea watoto, na mlango wake unaelekeana na mlango wa jikoni. Bafu na choo viko pembeni. Jua la Ayany huanguka katikati ya milango hiyo miwili, asubuhi tu, kisha hukingwa na nyumba za majirani. Na mgonjwa wa namna ile, akitoka kwenye mashine, hutetemeka kwa baridi hata akifunikwa mablanketi. Jua lile lilikuwa dawa yake. Mimi nilihamisha kiti changu mbele ya nyumba, kusikokuwa na jua, nikatundika turubai uani ili nipate njia ya kwenda bafuni bila kumwona.

Turubai halikudumu. Asubuhi moja upepo uliling'oa kamba zote kwa mkupuo mmoja. Mimi nilikuwa nikitoka bafuni, taulo kiunoni, mwili ukichuruzika maji. Yeye alikuwa ameketi kwenye kigoda, kichwa wazi, amepandisha nguo hadi magotini, akioshwa miguu na Nasike. Tulitazamana. Sijui ilikuwa muda gani. Kisha akavuta leso akajifunika uso, nami nikarudi bafuni nikajifungia humo hata nikakauka pasipo kujifuta.

Jioni Nasike alikuja akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Mama anataka atafutiwe gari la kesho."

"La kwenda wapi?"

"Nyumbani. Anasema amemwona mkwe uchi, na mkwe amemwona uchi. Anauliza, hata akipona, ataishi na macho gani?"

"Umemkumbusha maneno ya daktari?"

"Anayajua kuliko wewe." Akavua kitambaa cha kichwani akakikunja, akakikunjua tena. "Mwalimu, mimi nimechoka. Nimechoka kubeba maneno kutoka mlango huu mpaka ule kama karani wa mahakama. Yule ni mama yangu. Akienda, anakwenda kufa. Fanya kitu."

Nilipendekeza mabati. Nasike alivuka ua, akarudi na jibu: mabati yatamzibia jua, na tena mama mkwe hafungiwi ndani ya mabati kama kuku wa kisasa. Ukuta wa mawe? Huo nao ungezuia jua, na ungekula nafasi yote. Mwishowe mama alikubali kungoja kidogo, aone kama mume wa binti yake anaweza kuweka uzio wa watu wenye heshima, uzio unaopitisha hewa, kama ule wa kwao. Kwao ni mianzi.

Khamala ndiye aliyejua mahali pa kuipata. Mwenye ploti anayopanga, Bwana Ng'ang'a, ambaye jamaa yake ilikuwapo Kawangware kabla mji haujafika, alikuwa na mianzi mingi kando ya kijito, na alikuwa akiing'oa ili ajenge vyumba vingine. Nilikwenda huko mwishoni mwa mwezi wa tano, nikiwa nimevaa koti na tai, kama nivaavyo niendapo kwa mtu kuomba.

"Karibu Mwalimu!" akasema Ng'ang'a. "Khamala ameniambia unatafuta ukuta yenye inamea."

"Natafuta mianzi, Bwana Ng'ang'a, ikiwa unayo ya kutosha."

"Iko ya aina mbili. Hii nyembamba ya mlimani haina maneno. Hata ukipanda kichwa chini itashika. Ukilala ukiamka, ni msitu."

"Na mizizi yake?"

Akacheka. "Mizizi ni shida ya jirani. Hii inatembea chini kwa chini kama mtu wa fitina. Leo iko kwako, kesho iko chini ya kitanda ya mwenzako."

Nyumba za Ayany zimeshikana kama meno, na bomba la maji taka hupita uani kwangu kwenda kwa wengine. Sikuweza kuilinda heshima ya nyumba yangu kwa kupasua sakafu ya mwingine. Nikaelekeza mkono kwenye ile ya pili, mianzi minene ya manjano, ile ambayo mashina yake hukaa fungu moja pasipo kutambaa.

"Hiyo ni nzuri," akasema Ng'ang'a. "Ni ya watu wapole. Lakini hiyo ukihamisha lazima ukate. Acha kama ya magoti. Zile zingine zote za juu ni kuni."

Sikuhitaji kuambiwa. Nilifundisha kilimo darasani kwa muda mrefu wa maisha yangu, na jambo hilo nililichora ubaoni kila mwaka: mmea uliohamishwa umepoteza sehemu kubwa ya mizizi, na mizizi iliyobaki haiwezi kuyanywesha majani yote ya awali. Hupunguzwa juu ili upone chini.

"Nikiikata, itafika kimo cha mtu lini?"

"Mvua mbili. Labda tatu. Na saa hii mvua inaisha, Mwalimu. Ungengoja ya Oktoba."

"Siwezi kungoja Oktoba."

"Basi weka mabati."

"Mabati yamekataliwa."

"Na nani?"

Khamala akadakia, akiegemea jembe: "Na mwenye nyumba."

"Si nyumba ni ya Mwalimu?"

"Hapo sasa," akasema Khamala. "Hata yeye alikuwa anafikiria hivyo."

Tuliichimba siku nzima. Gogo la mizizi ya mianzi ni gumu kama zege, na shoka huligonga likarudi kuelekea uso wako. Nilisema mashina yaachwe kama yalivyo, marefu, na majani yake yote. Ng'ang'a alinitazama, akatazama mianzi, akatikisa kichwa, lakini hakubishana na mtu mwenye tai. Tukaipakia kwenye mkokoteni, vilele vikiburutwa barabarani nyuma yetu, magari yakitupigia honi tangu Kawangware hadi Kibera, uliko mtaa wetu. Khamala alikuwa mbele akivuta, mimi nyuma nikisukuma.

"Shemeji," akasema kwenye mlima wa kwanza, jasho likimtiririka, "ulipokuja kuoa dada yangu uliwaambia wazee utakuwa mtoto wetu. Hukusema sisi tutakuwa punda wako."

"Vuta, Khamala. Ni mama yako."

"Ni mama yangu, lakini aibu ni yako."

Niliipanda mwenyewe. Nilichimba mashimo mapana mara mbili ya magogo yale, nikachanganya udongo na samadi iliyooza, nikashindilia kwa mguu, nikamwagilia hadi tope likakaa. Kisha nikaifunga mianzi kwenye nguzo ili upepo usiitikise, maana mzizi mpya ukitikiswa hukatika, na nikatandaza majani makavu chini ili unyevu usipotee. Kila kitu nilikifanya kama inavyotakiwa, isipokuwa kile kimoja. Ilipofika jioni, katikati ya ua palisimama uzio wa kijani unaozidi kimo cha mlango.

Kesho yake, nikiwa upande wangu, nilisikia mkongojo wake ukigonga saruji, ukasimama. Kisha sauti yake, ambayo nilikuwa nimeizoea kwa kuisikia ikipita mlangoni tu, ikamwambia Nasike: "Niwekee mkeka hapa. Hapa ni kama kwetu."

Gari la kwenda Bungoma halikutajwa tena.

Lakini mmea haudanganyiki kwa muda mrefu. Juma la tatu majani yalianza kujikunja adhuhuri, yakawa membamba kama sindano, jioni yakajikunjua. Hiyo ni kiu. Nikaongeza maji. Mwezi wa saba bomba la mtaani kwetu likakauka, nikawa nikiteremka hadi kijiji cha Raila, mtaa wa vibanda ulio chini yetu, kwa wauzaji wa maji, nikirudi na mtungi kila mkono. Kupanda kutoka Raila na mitungi miwili, kwa mtu wa umri wangu, si mchezo. Nyonga yangu ya kushoto ilianza kulia njiani, nami nikaanza kupumzika mahali ambapo zamani sikuhitaji kupumzika. Vijana wa vibanda walinisalimu, "Niaje, mzee wa maji," nami niliwaitikia kwa kuinua kidevu, kwa kuwa mikono haikuwa na nafasi.

Katika nyumba yetu kila mtu alikuwa amechoka kwa namna yake. Nasike alichoka kwa safari za hospitali, kwa kuketi kwenye benchi saa zile zote mama yake akiwa kwenye mashine, na kwa kurudi na kupika chakula kisicho na chumvi kwa mmoja na chenye chumvi kwa wengine. Mama alichoka kwa ugonjwa. Mjukuu wetu Valary, anayekaa nasi akisoma chuoni, alilala juu ya vitabu vyake. Tulikuwa tukipishana ndani ya nyumba kama watu wa zamu mbalimbali.

Mwezi wa nane majani yalianza kuwa ya manjano, halafu yakadondoka. Kila asubuhi niliyakuta chini, na kila asubuhi uzio ulikuwa mwembamba zaidi.

"Kuka," Valary akaniambia, akiniita babu kwa Kibukusu chetu, mswaki mdomoni, "hiyo bamboo yako imeanza kudedi."

"Sema, mianzi hiyo imeanza kufa."

"Sawa. Mianzi hiyo imeanza kufa." Akatema povu. "Hata kwa Kiswahili sanifu bado inakufa, Kuka."

Nilipiga magoti nikafukua udongo shinani. Magogo yalikuwa hai. Chini, penye mizizi, niliona jicho moja au mawili yamevimba, meupe, yakingoja. Juu ndiko kulikokuwa kunakauka, na kule juu kulikuwa kukiendelea kunyonya maji ambayo yale macho yaliyahitaji. Dawa ilikuwa moja. Na dawa hiyo ingeacha uani peupe mpaka mwaka mwingine, na mama angeita gari lake.

Basi nikafanya kazi ya kipumbavu. Nilikwenda kwenye nyasi za kando ya reli, nikakata matete, nikayafunga kati ya mashina yaliyokauka ili kuziba matundu. Upepo uliyalegeza. Nikayafunga tena. Nasike alinikuta nimepanda juu ya kigoda, kamba kati ya meno.

"Mwalimu, unafunga nini?"

"Uzio."

"Hiyo ni maiti umeivalisha shati. Ikate."

"Nikiikata, mama yako ataondoka."

Aliingia jikoni, nami nikamsikia akiwasha jiko, akilizima, akiliwasha tena.

Siku iliyofuata haikuwa ya mashine. Nasike alikuwa amekwenda kuchukua dawa, Valary amebaki nyumbani. Nilikuwa upande wangu nikimwagilia, na kupitia mianzi, bila kutaka, niliona kivuli cha mtu aliyeketi kwenye mkeka. Niliinamisha macho. Nikasikia minong'ono, kisha Valary akauzunguka uzio akasimama mbele yangu.

"Kuka, Kukhu amesema nikuambie ukate hiyo kitu."

Mama, ambaye Valary alimwita Kukhu, yaani bibi, alikuwa hatua chache tu kutoka hapo. Nilikuwa nimesikia kila neno kwa masikio yangu, naye bila shaka alikuwa akinisikia. Hata hivyo, neno lisilobebwa na mtu wa tatu halijasemwa.

"Mwambie nimesikia. Mwambie nikikata, hapa patakuwa wazi hadi mwakani."

Valary akauzunguka uzio. Minong'ono. Akarudi.

"Anasema anajua. Anauliza, kwa njia ya kwenda soko Chwele kulikuwa na fensi?"

Sikuelewa mara moja. "Uzio? Njiani? Hakukuwa na uzio."

Valary akapiga hatua moja tu, akapaza sauti kupitia mianzi: "Anasema hakukuwa!" Kisha akaja tena. "Anauliza, na mlikuwa mnafanya aje mkikutana?"

Nikauweka mtungi chini. Njia ile ya Bungoma, ambako nilikutana naye nilipokwenda likizo, ilikuwa nyembamba, miwa pande zote mbili. Nilipomwona akija na kapu kichwani, niliacha njia, nikaingia ndani ya miwa, nikampa mgongo, nikasimama hivyo, majani ya miwa yakinichana masikio, mpaka nyayo zake zilipopita na kupotea. Naye aligeuza uso upande wa pili na kuvuta leso. Hakuna aliyetuwekea chochote katikati. Tulijigeuza wenyewe.

"Mwambie nilikuwa nikiingia kwenye miwa na kugeuka."

Safari hii mama hakungoja abebewe jibu langu. Nilisikia akicheka, kicheko kifupi kilichokatizwa na kikohozi, kisha akasema na Valary kwa muda mrefu.

"Kukhu anasema, kwani siku hizi shingo yako imekataa kugeuka? Anasema akitoka atakohoa. Wewe ukitoka ukohoe. Kila mtu aangalie ukuta yake. Na anasema uache kubeba maji, usiku anasikia nyonga yako ikilia kupita ukuta."

"Muulize," nikasema, "muulize kama atabaki."

Valary hakusogea hata hatua. Tulisikia sote jibu, likitoka upande ule, taratibu, kwa Kibukusu: aende wapi, na mashine iko hapa?

"Anasema—"

"Nimesikia, Valary. Asante."

Nilileta msumeno. Mama hakuingia ndani. Nilisikia mkeka ukivutwa, na Valary akaniambia kwamba amegeukia mlango wake na kujifunika. Nikapiga magoti penye fungu la kwanza, nikakata kila shina juu kidogo ya fundo, kimo cha goti, kwa mshazari ili maji ya mvua yasituame juu yake. Mashina makavu yalianguka kwa kelele kubwa. Mengine yalikuwa bado na majani machache ya kijani kileleni, na hayo niliyakata kwa shida zaidi, ingawa msumeno uliyapita kwa urahisi uleule. Valary aliyaburura pembeni. Nikarudishia udongo, nikatandaza matandazo, nikamwaga maji yaliyobaki mtungini. Vikabaki visiki vifupi, vilivyopangwa mstari, visivyoweza kumficha hata paka.

Kisha nikaingia ndani, nikaleta kiti changu kutoka mbele ya nyumba, nikakiweka uani, nikakielekeza kwenye ukuta wa jikoni. Nikakohoa. Akakohoa. Nikaketi.

Jua lilikuwa zuri. Nilikuwa nimesahau jinsi linavyoingia mabegani. Mbele yangu palikuwa na rangi iliyobanduka na kutu ya bomba. Nyuma yangu nilisikia pumzi yake, nzito, yenye maji ndani yake, ikipanda na kushuka. Hatukuwa na wa kubeba neno, kwa maana Valary alikuwa amerudi kwa vitabu vyake.

Nasike alirudi alasiri akiwa na mfuko wa dawa mkono mmoja na mboga mkono wa pili. Nilisikia lango, nikasikia miguu yake ikisimama. Nadhani alikuwa akitazama visiki, na migongo yetu miwili.

"Na mimi," akasema hatimaye, "nani atanipokea huu mzigo?"

Hakuna aliyegeuka. Nilinyoosha mkono nyuma bila kutazama. Nilisikia kwamba mama naye ameunyoosha wake. Nasike alitoa sauti ambayo haikuwa kicheko wala kilio. Akauweka mzigo chini, akaketi juu ya saruji katikati yetu, akavua viatu.